Sifuri ya Jumatatu

Sista alikuwa amesimama nje ya zahanati, juu ya jiwe la kufulia, mkono mmoja umeshika simu ya kitochi, mwingine umekumbatia daftari kifuani lisilowe. Mwanzoni mwa mwezi wa tano mvua ya Rungwe haijaamua kuondoka. Inanyesha, inapumzika, inarudi. Na pale juu ya jiwe ndipo mtandao unaposhika.

"Sifuri," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu pesa asisikike. Akabonyeza. "Sifuri. Sifuri." Akainua simu juu kidogo, akasubiri, akaishusha. "Wawili. Sifuri."

Nilikuwa nimempeleka shangazi yangu kupimwa presha. Tulikaa benchi la karibu na mlango, na mimi siwezi kumwona mtu anafanya kazi nisimuulize. Akaniambia ni ripoti ya wiki. Kila Jumatatu kila kituo cha huduma, hata zahanati ya vyumba vitatu kama ile, kinatuma kwa simu idadi ya wagonjwa wa magonjwa yanayofuatiliwa na taifa. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyochakaa pembe: kipindupindu, surua, kimeta, tauni, homa ya manjano, kichaa cha mbwa, homa ya uti wa mgongo, mtoto kulegea ghafla.

"Hata kama hujapata mgonjwa?"

"Hasa kama sijapata, dada. Nafasi haiachwi wazi. Nikiacha wazi, wilayani hawatajua kama hakuna mgonjwa au mimi ndiye sipo."

Mtandao ukakata katikati. Akaanza upya tangu mwanzo bila kulalamika, vidole vinaijua njia. Alipofika mwisho akanakili kwenye daftari kwa kalamu, na nikamsikia akisoma anachoandika: "Kulegea ghafla, sifuri."

Akashuka kwenye jiwe, akaita namba ya shangazi.

Mimi nikabaki nimekaa.

Siku mbili kabla, kwenye kijiji hicho hicho, nilikuwa nimemwona mtoto.

Mguu

Jumamosi ile tulikuwa msibani. Wanaojua misiba ya kwetu wanajua ilivyo: watu wamejaa mgombani, masufuria ya ndizi na nyama jikoni, watoto wanakimbizana wasijue nani kafa. Mmoja hakuwa anakimbia. Alikuwa na miaka minne hivi, mjukuu wa jirani yake shangazi. Alikaa kwenye kanga ya bibi yake, na wenzake walipohamia upande wa pili wa uwanja, naye akaanza kuwafuata kwa kusota.

Mguu wa kulia ulisukuma. Wa kushoto uliburutwa tu. Kanga ilipojikunja chini yake, mguu ule ulikunjwa na kanga na yeye hakuunyoosha, akaendelea kusota nao ulivyo mpaka bibi yake alipoinama akauweka sawa kwa mkono.

Bibi alinisimulia nilipouliza. Baada ya Pasaka mtoto alipata homa siku mbili tatu. Homa ikashuka, kukawa na nafuu, halafu Alhamisi asubuhi akashindwa kusimama. Wakampeleka kwa mama mmoja anayekanda viungo, naye akakanda. Kuna waliosema amekanyaga kitu kisicho chake. Mama wa mtoto alikuwa pembeni anamenya ndizi, binti mdogo, na wakati wote wa mazungumzo hakuinua kichwa.

Nikasema pole.

Nikala, nikasaidia kuosha vyombo, nikaenda kulala kwa shangazi. Sikuwaza polio, ugonjwa unaotafutwa kwa mstari ule wa kulegea ghafla. Niliwaza kwamba ni jambo la familia yao na kwamba bibi ameshahangaika vya kutosha bila mimi kumwongezea maneno.

Sifuri na nafasi tupu

Mimi ni mtunza hesabu. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo mjini Mbeya na tofauti aliyoieleza Sista juu ya jiwe ni tofauti ninayogombana nayo kila mwisho wa mwezi. Mtu akiandika 0 kwenye safu ya mauzo, ameweka neno lake: nimeangalia, hakuna. Akiacha tupu hajasema kitu. Nimewahi kumfuata mhusika mpaka nyumbani kwake kwa ajili ya nafasi tupu moja.

Lakini sifuri ya Jumatatu ilikuwa aina ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonisumbua kwa wiki kadhaa. Sista hakudanganya. Aliangalia Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje, akakuta hakuna mtoto aliyelegea. Aliandika kweli yote aliyokuwa nayo. Mtoto naye alikuwepo, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwenye jiwe, anasota kwenye kanga. Sifuri ile ilikuwa safi na haikuwa kweli, na hapakuwa na mtu wa kumfuata nyumbani kwake, isipokuwa mimi.

Nilianza kusoma. Nilichokikuta kuhusu polio kilinigeuza kabisa namna ninavyoziona takwimu za ugonjwa.

Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili, ile isiyotokana na kirusi cha chanjo, nchini kwetu Tanzania alipatikana mwaka 1996. Ungedhani nchi inayotaka kuthibitisha kuwa haina polio inatakiwa kuleta sifuri nyingi. Sivyo. Inatakiwa kuleta watoto. Kila mahali duniani kuna watoto wachache wanaolegea ghafla kwa sababu nyingine zisizo polio, neva kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, kwa mfano. Hao hawakosekani. Kwa hiyo kipimo kinasema: kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15, eneo linatakiwa kwa mwaka kumpata angalau mmoja aliyelegea, kumchunguza na kuonyesha kwamba si polio. Mkoa usioleta hata mmoja hausifiwi. Unatiliwa shaka, unaulizwa kama kweli unatafuta.

Nilisoma aya hiyo mara tatu. Miaka yote nimefundishwa kwamba hesabu nzuri ya ugonjwa ni ile ndogo.

Kuna na hili: kwa wastani, katika watu 200 walioambukizwa kirusi cha polio, anayepooza ni mmoja. Wengine wanapata homa ndogo au hawapati kitu, na kirusi kinatoka nao chooni kinaingia mtoni. Ukisubiri uwaone wengi ndipo ushtuke, umechelewa sana. Mtoto mmoja anayesota ndiye kengele yenyewe.

Sisi wa huku kusini tuliisikia kengele hiyo kwa jirani. Mtoto wa kike wa miaka mitatu alianza kulegea Lilongwe Novemba 19, 2021. Sampuli zikasafiri, maabara zikapima, zikalinganisha, na Februari 17, 2022 Malawi ikatangaza: polio ya asili, yenye nasaba na ile ya Pakistan. Karibu miezi mitatu. Katika miezi hiyo mpaka wa Kasumulu ulikuwa unafanya kazi yake ya kila siku, mchele unavuka, mama zetu wa Kyela wanakwenda na kurudi wana watoto mgongoni. Machi mwaka huo huo wachanjaji wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na matone kwenye mikoa minne, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Wengi tunaikumbuka alama ya wino kwenye kidole cha mtoto. Mwaka uliofuata ikawa Rukwa: mtoto mmoja akakutwa na kirusi cha aina ya pili, kile kinachoweza kuzuka pale kirusi dhaifu cha matone kinapozunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, na Septemba 2023 matone yakarudi kwenye mikoa sita, Mbeya ikiwemo.

Mara zote mbili kampeni nzima ilisimama juu ya mtoto mmoja ambaye mtu fulani alimwona na hakunyamaza.

Umbea

Niliondoka zahanati Jumatatu ile bila kusema neno. Nataka niliandike wazi. Nilimshika shangazi mkono, tukapanda mchomoko, gari dogo la abiria, mpaka barabara kuu, nikamwacha kwake, nikarudi Mbeya. Njiani mpaka Uyole nilikuwa nabishana na nafsi yangu.

Tumelelewa hivyo. Ya nyumba ya mtu ni ya nyumba ya mtu. Mtoto wa mwenzio akiwa na kasoro hunyooshi kidole, hata kwa nia njema, maana maneno yakitoka kinywani mwako hujui yatafika kwa nani yakiwa na sura gani. Binti yule alikuwa ameshabeba ya watu kusema mwanawe kakanyaga uchawi. Je, sasa nimletee pikipiki ya serikali mlangoni?

Na kuna jambo jingine chini ya hilo, la zamani kidogo. Mwanzoni mwa 2021 tulimzika baba yangu mdogo. Wakati ule hesabu ya taifa ya korona ilikuwa imesimama kwenye wagonjwa 509 tangu mwaka uliotangulia, na huku sisi tunazika. Tulisema "changamoto ya upumuaji". Tulisema nimonia. Tulijifukiza. Hakuna aliyempima baba mdogo, na cheti chake kina neno ambalo hakuna mtu kwenye ukoo wetu anayeliamini. Nilijifunza wakati ule, bila kufundishwa na mtu, kwamba ugonjwa ni kitu unachokiongelea jikoni mlango ukiwa umefungwa. Nadhani wengi tulijifunza hivyo na hatujajifundua bado.

Wazee wana methali ya mficha maradhi kuumbuliwa na kifo. Nimeirudia kichwani sana wiki hizi na naona inamwonea mgonjwa. Familia ile haikuficha. Bibi alinisimulia mimi, mgeni wa msiba, kila kitu kwa sauti ya kawaida, siku ya homa na siku ya mguu. Angemsimulia yeyote aliyeuliza. Waliojua kijijini walikuwa labda watu hamsini, nasi sote tulidhani kujua kwetu hakumhusu mtu.

Kumbe kwenye miongozo ya ufuatiliaji wa magonjwa habari za namna hiyo zina jina na zina daftari. Zinaitwa tetesi. Si lazima ziwe na uhakika, si lazima aliyeleta awe mtaalamu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenye duka la dawa, mwalimu, mganga wa tiba asili, mtu yeyote anaweza kuleta tetesi, ikaandikwa, mtu akatumwa kuangalia. Namba 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bure kwa ajili ya mambo kama hayo.

Nilikumbuka Ruangwa, Julai 2022. Kwenye kituo cha afya huko Lindi walifika wagonjwa wawili ndani ya siku chache, homa, uchovu na damu puani. Wawili tu. Mtu pale angeweza kuwapa dawa na kuandika homa. Badala yake taarifa ilikwenda juu, timu ikashuka, na kabla mwezi haujaisha nchi nzima ilikuwa imeshajua ni homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama kama panya. Wagonjwa 20 walikuwa wameshapatikana, watatu kati yao wamefariki. Ninamfikiria yule aliyempokea mgonjwa wa pili akasema subiri, hii si bahati mbaya.

Jumanne usiku nikampigia shangazi.

"Unataka waseme mimi ndiye nimemtangaza mtoto wa watu?" akaniuliza.

"Sema ni mimi, shangazi. Nipe tu namba ya Sista."

Akakaa kimya muda mrefu. Nikasikia mvua kwenye bati lake. Kisha akaanza kunitajia tarakimu moja moja.

Sista alipokea mara ya pili. Nilijieleza, nikamweleza mtoto, homa, Alhamisi, mguu. Hakunikatisha. Nilipomaliza akasema, bila ukali wowote:

"Dada, jana nilikuwa nimesimama mbele yako."

Siku ya kumi na nne

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kuna saa inayokwenda. Kirusi cha polio kinapatikana vizuri kwenye choo cha mtoto katika siku 14 za mwanzo tangu alegee. Zinahitajika sampuli mbili zilizopishana angalau saa 24, na zote ndani ya siku hizo. Baada ya hapo maabara inaweza isione kitu na usijue kama hakipo au kimeshapita. Nafasi tupu nyingine.

Jumatano asubuhi mhudumu wa jamii alifika kwa yule bibi, na saa nne mratibu wa ufuatiliaji akafika kutoka wilayani, pikipiki imefungwa cheni tairi la nyuma kwa ajili ya tope. Sista ndiye aliyenisimulia. Swali la kwanza halikuwa la mguu, lilikuwa la tarehe. Bibi hakuwa na tarehe. Alikuwa na Jumatatu ya Pasaka, mtoto alipogoma kula. Alikuwa na siku ya mnada, homa iliposhuka. Alikuwa na Alhamisi, kwa sababu asubuhi ile alikuwa anajiandaa kwenda kwenye maombi ya akina mama. Mratibu aliweka kalenda ya simu mezani wakahesabu pamoja, kidole cha bibi juu ya kioo.

Jumatano ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Sampuli ya kwanza ilipatikana siku hiyo hiyo. Ya pili ilipaswa kupatikana Alhamisi, la sivyo basi. Niliomba ruhusa kazini nikapanda gari la alfajiri.

Sijui kama nimewahi kusubiri kitu namna ile. Tulikaa barazani, mimi, bibi, mama wa mtoto na mhudumu wa jamii, na katikati yetu kisanduku cha bluu kama kile cha chanjo, ndani yake vipande vya barafu na kikopo chenye kifuniko cha kuzungusha. Kinachohitajika ni kidogo tu, kama kidole gumba. Mtoto hakwenda chooni. Saa nne, saa sita, saa nane. Alikuwa anacheza na kizibo cha chupa, anakirusha na kukisotea. Bibi alimpa uji. Akampa parachichi, nusu nzima, akamlisha kwa kijiko kwa upole, nami nilijua moyoni kwamba kama Jumatatu ningefungua mdomo tungekuwa tumeshamaliza.

Mama yake ndiye aliyevunja ukimya. Aliniuliza kama ni kweli ni mimi niliyesema.

Nikamwambia ni mimi.

"Ningeenda mwenyewe zahanati," akasema. "Walisema nikienda watamchoma sindano kwenye ule mguu uishe kabisa."

Hakuongeza. Akaendelea kumtazama mwanawe.

Ilikuwa inakaribia saa kumi jioni mtoto alipomwita mama yake ampeleke chooni. Mhudumu wa jamii, mwanaume wa makamo mwenye buti za mpira, alisimama ghafla kama aliyesikia jina lake likiitwa kanisani. Dakika kumi baadaye kikopo kilikuwa kwenye barafu, kimeandikwa jina, tarehe na saa, na kisanduku kikafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Tulisimama wote tukaisikiliza ikishuka kilima mpaka sauti ikapotea.

Bibi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndaga fijo," akasema, asante sana kwa Kinyakyusa. Sikustahili.

Hasi

Majibu yalichukua wiki. Sampuli za namna hii hazipimwi zahanati wala wilayani. Zinasafiri mbali, na njia nzima zinatakiwa zibaki kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kila nilipopita Mafiati nikaona lori la barafu za samaki la Kyela nilikuwa nakumbuka kile kisanduku.

Sista alinipigia: hasi. Si polio.

Nilifurahi mno. Nikakaa chini pale pale ofisini. Kisha nikampigia mama wa mtoto, maana tulishapeana namba, nikamwambia kwa haraka kama mtu aliyebeba zawadi.

Akasikiliza.

"Ahsante, dada. Sasa kama si polio, ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza Sista, naye hakuwa nalo. Fomu ile iliuliza swali moja na swali hilo limejibiwa. Kwa taifa mtoto huyu ni habari njema mara mbili: hana polio, na yeye ndiye yule mmoja anayeonyesha kwamba huku kwetu tunatafuta. Mahali fulani kwenye jedwali la mkoa yupo, tarakimu iliyojaa mahali pake. Lakini mama yake hakutoa choo cha mwanawe kwenye barafu ili mkoa upate tarakimu. Alitoa kwa sababu mguu haufanyi kazi.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na ndiyo sababu makala hii imechelewa. Naamini kabisa katika ile ripoti ya Jumatatu. Naamini zaidi sasa kuliko zamani. Ila nimeona kwamba taarifa inapanda kwa kasi sana na inashuka polepole mno. Kijijini wanachokumbuka ni kwamba serikali ilikuja, ikachukua, ikaondoka. Kesho akilegea mtoto mwingine, watu wale hamsini wataukumbuka mguu huu. Wakikumbuka kwamba mama yake alibaki na swali lake, watanyamaza, na hakuna mtandao wa simu wala jiwe la kusimamia litakaloweza kuwasemesha.

Kwa hiyo tukaanza kazi nyingine isiyo kwenye fomu. Sista aliandika rufaa ya hospitali ya wilaya. Shangazi, yule yule aliyeogopa kutangaza, alizunguka kwa akina mama wa kanisa kuchangisha nauli. Huko daktari alisema huenda ni neva, akaonyesha mazoezi, akamfundisha mama namna ya kushika kisigino na goti. Huenda. Lilikuwa neno dogo, lakini alilipokea kwa mikono miwili.

Siku ya sitini

Baada ya siku 60 mtoto anatakiwa kuangaliwa tena. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita, baridi ya Tukuyu imeshashika, mtoto kavalishwa sweta mbili. Nilikwenda kwa kuwa mama yake aliniomba niwepo.

Mratibu alikuja na pikipiki ile ile. Alimwomba mtoto asimame. Akasimama, ameshika ukuta. Akamwomba aachie. Akaachia. Akamwomba atembee mpaka kwa bibi, na mtoto akaenda, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo na kukanyagia vidole kabla ya kisigino, hatua saba, nilizihesabu, mpaka kwenye kanga.

Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza: udhaifu uliobaki, upo au haupo. Kalamu ikasimama kidogo. Akaweka alama kwenye upo.

Mama alikuwa amesogea anaangalia karatasi ile begani kwake.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Wilayani, mama. Kisha mkoani, kisha taifani."

"Na inarudi?"

Mratibu alifunika kalamu. Ni kijana mstaarabu, na niliona kwamba hakutaka kumdanganya.

"Nitarudi mimi," akasema. "Mwezi wa nane nina ziara ya chanjo upande huu. Nitapita nimwone."

Mama akachukua simu yake, akamwomba namba, akaiingiza na kumpigia pale pale ahakikishe inaita.